Chaja za magari zikubali M-Pesa bila kutusajili kwanza

Mhariri,

Mimi ni dereva wa teksi jijini Nairobi. Gari ninaloendesha ni Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40, iliyotoka Japani, na si langu. Kila jioni ninampelekea mwenyewe pesa zake, kinachobaki ndicho changu na watoto wangu. Ninaishi Umoja, orofa ya nne, na magari yetu tunayaegesha barabarani chini ya jengo. Siwezi kuteremsha waya kutoka dirishani, na mwenye nyumba alikwisha kusema hataki kusikia habari hiyo. Kwa hiyo stima yote inayoingia katika gari hili ninainunua nje, kwenye chaja za umma: za majumba ya maduka, za vituo vya petroli, za maegesho ya maofisi. Gari halinisumbui. Stima ipo. Kinachonisumbua ni kulipa.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuchaji gari, nieleze inavyokwenda. Ukifika kwenye chaja nyingi za hapa jijini hupati mtu wala nambari ya kulipia. Unapata msimbo wa QR uliobandikwa ubavuni, mara nyingine jua limekwisha kuufifisha. Unauskani, unaelekezwa upakue programu. Programu inataka bando. Ikishaingia kwenye simu inataka jina, nambari ya simu, barua pepe, neno la siri, na moja niliyokutana nayo ilitaka hata nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Inakutumia tarakimu za kuthibitisha, nazo zikichelewa zinakuwa zimeisha muda, unaanza upya. Ukimaliza yote hayo bado hujalipa. Lazima kwanza uweke pesa kwenye pochi ya hiyo programu, na pochi ina kiwango chake cha chini: huku shilingi 500, kule 1,000. Hata ukitaka yuniti (yaani kilowati-saa) chache tu za kukufikisha nyumbani, utaweka kiwango hicho au utaondoka ulivyokuja.

Kesho yake abiria anakupeleka upande wa Ruiru, betri inashuka, unaingia kituo kingine, na hicho ni cha kampuni nyingine. Pesa ulizoweka jana huku hazijulikani. Unapakua programu nyingine, unajisajili tena, unaweka 500 nyingine. Wakati ninapoandika barua hii nina shilingi 340 katika programu moja, 215 katika ya pili, na 85 katika ya tatu. Hizo 85 haziwezi kunipa hata yuniti moja, kwa sababu mfumo wa kampuni hiyo hauanzi kuchaji salio likiwa chini ya shilingi 200. Jumla ni shilingi 640. Kwa mtu wa mshahara mnono ni pesa za chai. Nyumbani kwangu ni unga, sukuma wiki na lita ya mafuta ya kupikia. Pesa hizo nilizitafuta barabarani, sasa zimelala kwa kampuni ambazo hazinilipi riba wala hazina kitufe cha kunirudishia. Tukijumlisha za madereva wote, wateja wanakopesha kampuni hizi pesa bila kuulizwa.

Kuna usiku mmoja wa mwezi wa Julai uliofanya niamue kuandika. Nilikuwa na abiria wa kumpeleka uwanja wa ndege wa JKIA saa kumi alfajiri, binti aliyekuwa akienda kazini Muscat, ameniamini kwa sababu nilishawahi kumbeba dada yake. Niliingia kituo kimoja kando ya Barabara ya Mombasa saa tano na nusu usiku, betri ikiwa asilimia 14. Nikaweka shilingi 1,000. Kidirisha cha nambari ya siri kikatokea kwenye simu, nikabonyeza, na ujumbe wa M-Pesa ukaingia papo hapo kwamba pesa zimetumwa. Nikafungua programu: salio sifuri. Nikaizima, nikaiwasha. Sifuri. Nikapiga nambari ya huduma iliyobandikwa kwenye chaja, sauti iliyorekodiwa ikaniambia ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Chaja yenyewe imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inafanya kazi saa 24.

Askari wa zamu alikuja kuniona, kijana mwenye heshima zake. Akasema, "Pole, mama. Wengine huja hivyo hivyo, lakini mimi sina nambari ya kumpigia mtu yeyote." Nikakopa kwa Fuliza, huduma ya mkopo ya M-Pesa, nikatuma 1,000 nyingine, safari hii zikafika na chaja ikaanza. Binti yule aliwahi ndege yake. Shilingi 1,000 za kwanza zilirudi baada ya wiki mbili za kutuma barua pepe na picha za skrini. Ada ya Fuliza haikurudi, wala hakuna aliyeniomba radhi.

Baadaye nilimuuliza fundi mmoja anayeunganisha mifumo ya malipo ni nini kilichotokea. Alinieleza kwamba M-Pesa ikishapokea pesa hutuma taarifa kwa kompyuta ya mwenye chaja. Taarifa hiyo ikipotea njiani, au kompyuta hiyo isipoitika wakati huo, pesa zinakuwa tayari ziko kwa kampuni lakini programu haijui ni za nani. Jambo hilo lina dawa inayojulikana: mfumo wa kampuni uulize wenyewe kila baada ya muda mfupi kama kuna malipo yaliyoingia bila kuandikwa. Kampuni makini hufanya hivyo. Asiyefanya anamwachia mteja kazi ya kuwa mhasibu wake usiku wa manane.

Halafu kuna chaja za chini ya ardhi. Sijui ni nani aliyeamua kwamba chaja inayotegemea mtandao kwa kila kitu iwekwe orofa ya pili chini ya jengo, mahali ambapo simu haishiki hata kijiti kimoja. Unapanda ngazi hadi juu kutafuta mtandao, unaweka pesa, unashuka mbio ubonyeze "anza", na programu inakuambia hakuna muunganisho. Wakati huo saa ya maegesho inahesabu. La kushangaza ni kwamba maegesho yenyewe nayalipia bila tabu: nambari ya kulipia imeandikwa ukutani, naweka nambari ya gari, natuma, geti linafunguka. Hakuna aliyewahi kuniuliza tarehe yangu ya kuzaliwa ili nilipie maegesho. Jengo ni lile lile, na simu ni ile ile.

Ningependa watunga sera waelewe kwa nini jambo hili linawagusa zaidi watu wa aina yangu. Mwenye nyumba yake Karen au Runda huchomeka gari gereji akalala, halipii kwa programu yoyote. Chaja za umma ni zetu sisi wapangaji, wenye teksi, na msafiri anayetoka Nakuru au Meru. Tena tunaambiwa tuchaji usiku. Ni ushauri mzuri, na sababu yake naijua: usiku wa manane nchi hutumia stima kidogo, na mvuke wa ardhini wa mitambo ya stima ya Olkaria huachiliwa hewani bila kuzungusha mtambo kwa kukosa mnunuzi. Ndiyo maana mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi na petroli, iliidhinisha bei maalumu ya stima ya magari, shilingi 16 kwa yuniti na shilingi 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na ada nyingine. Lakini kuchaji usiku kwa mwanamke maana yake ni kusimama peke yako kwenye maegesho yenye taa moja, simu imeng'aa mkononi, umeinamia skrini unasubiri tarakimu za kuthibitisha. Mtu yeyote anayepita anajua una simu na una pesa ndani yake. Kama malipo yangechukua nusu dakika, ningekuwa ndani ya gari, milango imefungwa.

Bei nayo imejificha. Kila tarehe 14 ya mwezi Wakenya husubiri EPRA itangaze bei ya petroli, dizeli na mafuta taa, na kesho yake kila kituo kinaiandika kwenye bango ambalo unaliona ukiwa bado barabarani. Idara ya Vipimo hukagua pampu ili lita iwe lita. Kwenye chaja, mara nyingi bei huijui mpaka uwe umejisajili. Vituo vingine huuza kwa yuniti, vingine kwa dakika, na nimewahi kukuta kimoja kinachotoza ada ya kuanza, kisha yuniti, kisha ada ya kukaa ukishamaliza. Mteja atalinganishaje?

Kuuza kwa dakika kunawaumiza hasa wenye magari kama langu. Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji. Ukiichaji kwa kasi asubuhi, ukaendesha juani kutwa, kisha ukarudi kwenye chaja ya kasi jioni, betri iko moto na gari lenyewe hupunguza stima inayoingia ili lijilinde. Ukipita asilimia 80 ndiyo kabisa, inaingia kidogo kidogo. Dakika zinahesabiwa zile zile, yuniti ninazopata ni nusu ya zile za asubuhi, na ninalipa sawasawa na mwenye gari jipya. Hakuna kituo cha petroli kinachoweza kuuza mafuta kwa muda ambao bomba limekaa ndani ya tangi.

Wapo watakaosema teknolojia hii ni changa, tuvumilie. Nitawajibu kwa mambo tunayoyaona kila siku hapa hapa. M-Pesa ilianza Machi 2007. Leo mama mboga wa Umoja ana nambari yake ya kulipia imeandikwa kwenye kipande cha katoni. Ukitaka tokeni za stima ya nyumbani, unaingia Paybill 888880, unaweka nambari ya mita, unalipa, na tarakimu 20 zinaletwa kwa ujumbe mfupi. Huhitaji bando wala simu ya kugusa. Mwenye kabambe ananunua kama mwenye simu ya laki moja. Waendesha bodaboda za umeme nao wametupita. Anafika kituoni, anabadilishiwa betri, analipa kwa simu, anaondoka kabla mimi sijakumbuka neno langu la siri. Nina mwenzangu wa miaka sitini na kitu, dereva hodari aliyeendesha matatu ya Kangundo Road enzi zake, ambaye amekataa kabisa gari la umeme kwa sababu moja: hataki kumwomba mjukuu wake amjazie fomu kwenye simu kila anapotaka kwenda kazini. Sina la kumwambia, kwa sababu ana haki.

Ningetaka kila chaja ya umma iwe na nambari ya Paybill iliyoandikwa juu yake kwa rangi isiyofutika, na nambari ya akaunti iwe nambari ya chaja hiyo. Nikituma shilingi 600 kwenye chaja nambari 12, chaja nambari 12 iwake. Gari likijaa kwa shilingi 480, shilingi 120 zirudi kwenye M-Pesa yangu usiku ule ule, bila barua pepe na bila picha za skrini. Chaja hizi tayari zinaongea na kompyuta za makao makuu kupitia mtandao. Zinaweza kuamrishwa kuanza na kusimama kutoka mbali, kwa sababu ndivyo programu zao zinavyofanya kazi hata sasa. Njia ipo. Kinachokosekana ni amri. Na wenye Airtel Money wasisahauliwe.

Sisemi programu zifutwe. Anayetaka kuhifadhi nafasi, kupata punguzo au kufuatilia matumizi ya magari ya kampuni yake, aitumie kwa hiari yake. Najua pia wenye chaja wana hoja yao, kwamba mtambo wa kasi ni ghali, wateja bado ni wachache, na pesa zinazowekwa mapema zinawasaidia kuendesha biashara. Hoja hiyo naielewa, lakini mtaji wa biashara yao wautafute benki. Mimi ninayepeleka pesa za gari kila jioni siwezi kuwa benki yao.

Kwingine wameshalifanya. Shemeji yangu anaendesha teksi Leicester, Uingereza, na ndiye aliyenifungua macho. Huko serikali ilitunga kanuni za chaja za umma mwaka 2023. Kuanzia tarehe 24 Novemba 2024, kila chaja ya kilowati 50 na zaidi, pamoja na chaja mpya za kilowati 8 na zaidi, lazima ikubali kadi ya kugusisha bila mteja kujisajili popote. Bei lazima ionyeshwe kwa kilowati-saa. Lazima kuwe na simu ya huduma isiyolipishwa, usiku na mchana. Mitandao ya chaja za kasi inatakiwa ifanye kazi asilimia 99 ya muda, ikipimwa kwa wastani wa mwaka. Umoja wa Ulaya nao umeweka sharti la malipo ya kadi kwa chaja mpya za kilowati 50 na zaidi tangu Aprili 2024. Kampuni za huko nazo zilikuwa zimewabebesha wateja msururu wa programu kabla sheria haijaingilia kati. Sisi hatuhitaji hata kununua vifaa vya kusomea kadi, maana malipo ya simu yako mfukoni mwa kila mtu.

EPRA ndiyo yenye mamlaka juu ya umeme na petroli kwa Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, na mwaka 2023 ilikwisha kutoa mwongozo kuhusu vituo vya kuchajia magari na kubadilishia betri. Naomba wakae tena na jambo hili la malipo, waliweke kama sharti ambalo asiyelitimiza hapewi ruhusa ya kuuza stima kwa umma: bei kwa yuniti, iandikwe mahali inapoonekana kabla mtu hajazima gari, malipo ya simu bila kujisajili, salio lirudi, na simu ya huduma iwe na mtu wa kupokea saa zote ambazo chaja inauza. Idara ya Vipimo nayo ije ituhakikishie kwamba yuniti tunazouziwa ni yuniti kamili, kama inavyofanya kwenye pampu.

Kamishna wa Kulinda Data naye ana kazi hapa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa zinazokusanywa ziwe zile tu zinazohitajika kwa shughuli husika. Kuuza yuniti kumi za stima kunahitajije nambari yangu ya kitambulisho? Programu ile inajua ninapochaji, saa ngapi, na gari gani. Mwanamke anayefanya kazi usiku ana kila sababu ya kutotaka taarifa hizo ziwe mikononi mwa kampuni asiyojua hata ofisi yake iko wapi.

Kwa madereva wenzangu: msifute ujumbe wa M-Pesa hata kama ni wa shilingi 200. Pigeni picha ya skrini inayoonyesha salio sifuri, pigeni picha ya nambari ya chaja, andikeni saa. Anzeni kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, ili muwe na ushahidi kwamba mliwauliza. Wakinyamaza, pelekeni malalamiko EPRA. Wana utaratibu wa kuyapokea, na asiyeridhika na uamuzi wao anaweza kwenda Mahakama Maalumu ya Kawi na Petroli. Katiba, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma bora na ya kupata taarifa anazohitaji. Mimi yangu ya shilingi 640 naipeleka wiki hii, pamoja na za wenzangu wanne tunaochaji pamoja, na tuko tayari kupokea ya yeyote mwingine wa upande wa Eastlands anayetaka tuiambatanishe.

Dereva wa teksi,
Umoja, Nairobi
(Jina limehifadhiwa)